Budokan 1981 au Nakano 2010: jibu kwa mpiga solo wa Mwanza

Swali: "Shikamoo mzee. Niko Mwanza, napiga gitaa la solo kwenye bendi ya kwaya yetu, na siku hizi nimezama kwenye roki nzito, hasa mpiga gitaa Michael Schenker. Rekodi yake ya ukumbi wa Budokan, Tokyo, ya 1981 nimeikariri noti kwa noti. Sasa nimekutana na ile ya tamasha la miaka 30, Tokyo, 2010. Nyimbo nyingi ni zile zile. Rafiki yangu anasema albamu za maadhimisho ni wazee kutafuna jina tu. Mimi nasikia kweli mwimbaji amechoka, lakini gitaa linanivuta na nashindwa kusema ni kitu gani hasa. Niinunue? Na mbona hawa watu wote hukimbilia Japani kurekodi?"

Marahaba, mwanangu. Inunue, na ukipata yenye picha chukua hiyo badala ya sauti tupu. Rafiki yako ana hoja. Albamu za maadhimisho zimejaa sokoni: kava linang'aa, nyimbo ni zile zile, sauti imeshuka na bei imepanda. Ninazo kadhaa za namna hiyo kabatini, nilizisikiliza mara moja zikaishia hapo. Hii ya Schenker naitoa kwenye kundi hilo, na sababu yangu haiko kwa mwimbaji, wala haiko kwa Schenker peke yake. Iko nyuma kabisa ya jukwaa, kwa aliyekalia drams.

Lakini kwanza hiyo miaka 30 yenyewe ni ya nini? Schenker alizaliwa Sarstedt, Ujerumani, tarehe 10 Januari 1955. Albamu ya kwanza ya Scorpions, bendi ya kaka yake Rudolf, ilitoka 1972, na gitaa la solo mle ndani ni lake, mtoto ambaye hajatimiza hata miaka 18. Mwaka uliofuata bendi ya UFO kutoka Uingereza walikuwa ziarani Ujerumani wakajikuta hawana mpiga gitaa. Wakamwazima kutoka Scorpions, na hawakumrudisha. Akahamia London na Kiingereza cha kuokoteza, akakaa na UFO mpaka mwishoni mwa 1978. Kwa hiyo ukihesabu tangu alipoingia studio mara ya kwanza, kufikia 2010 ilikuwa inakaribia miaka 40. Hiyo 30 inaanzia 1980, ilipotoka albamu ya kwanza ya bendi yenye jina lake, The Michael Schenker Group. Tamasha la Tokyo lilifanyika tarehe 13 Januari 2010 katika ukumbi wa Nakano Sun Plaza, siku tatu tu baada ya kutimiza miaka 55. Hesabu hii si ya kujaza nafasi. Kama sherehe ni ya albamu ya 1980, basi lazima tuulize nani alipiga kwenye albamu ya 1980.

Hapo ndipo utamu ulipo. Albamu ile ilisimamiwa na Roger Glover, mpiga besi wa bendi ya Deep Purple. Kinanda alipiga Don Airey, besi Mo Foster, na drams Simon Phillips. Foster na Phillips walikuwa watu wa kukodiwa studio, kazi ikiisha kila mmoja anakwenda zake. Bendi ilipotakiwa kupanda jukwaani, kiti cha drams kilichukuliwa na Cozy Powell, aliyekuwa ametoka bendi ya Rainbow. Ni Cozy unayemsikia Budokan, tarehe 12 Agosti 1981. Na albamu ya pili ya bendi, iliyotoka mwaka huo huo wa 1981, drams zake ni za Cozy tangu studio.

Sasa panga mambo vizuri. "Armed and Ready", "Cry for the Nations", "Into the Arena" na "Lost Horizons" zilipata drams zake kwa mikono ya Phillips, na kule Budokan Cozy anapiga kitu kilichobuniwa na mwenzake. "Attack of the Mad Axeman" na "On and On" ni za Cozy tangu mwanzo, na kule Nakano ni zamu ya Phillips kuwa mgeni kwenye nyumba ya mwingine. Rekodi mbili, nyimbo nyingi zile zile, gitaa la mtu yule yule, halafu wapiga drams wawili waliobadilishana kazi wakiwa wameachana zaidi ya miaka 28. Mimi sijui zawadi kubwa kuliko hiyo kwa mtu anayejifunza kupiga solo. Wala huwezi kuipata kwa njia nyingine, maana Cozy alifariki 1998 kwa ajali ya gari.

Tofauti yao utaisikia hata kabla ya kuielewa. Cozy alikuwa mtu wa uzito. Pigo lake la snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, linatua kama alivyokusudia, kubwa, wazi, bila madoido, na anapozungusha ngoma zote mwishoni mwa mstari unajua kabisa mahali pa kurudi. Chini ya drams kama hizo mpiga gitaa anaweza kukimbia atakavyo, ardhi haisogei. Ndiyo maana Schenker wa Budokan ana hasira na kasi. Alikuwa na miaka 26, na nyuma yake kuna ukuta.

Phillips alitoka kwingine kabisa. Baba yake, Sid Phillips, alikuwa na bendi ya jazi ya mtindo wa Dixieland, na mtoto alianza kupiga humo kwa malipo akiwa na miaka 12. Baadaye akapiga na mpiga gitaa Jeff Beck, akapiga na bendi ya The Who kwenye ziara yao ya 1989, akakaa na bendi ya Toto miaka zaidi ya 20. Anatumia ngoma mbili za mguu na msururu mrefu wa ngoma za mkono, lakini viganja vyake ni vya jazi. Kati ya pigo kubwa na pigo kubwa kuna vipigo vidogo vidogo vya snea ambavyo kwenye spika ya simu huvisikii kabisa, na ndivyo vinavyosukuma wimbo. Ukiwa na picha, mtazame mikono. Wapiga drams wengi huvusha mkono wa kulia juu ya wa kushoto ili kufikia haihati, vile visahani viwili vinavyofunguliwa kwa mguu. Phillips havushi. Mkono wa kushoto unapiga haihati na wa kulia unabaki huru kuzurura kwenye ngoma nyingine. Ndiyo maana unasikia haihati inaendelea bila kukatika huku ngoma kubwa zinajibu gitaa kwa wakati huo huo. Wengine wangelazimika kuacha kimoja ili wafanye kingine.

Chukua "Into the Arena". Ni wimbo usio na mwimbaji, kwa hiyo hakuna wa kumlaumu wala wa kujificha nyuma yake. Weka ya Budokan kwanza, kisha ya Nakano, na usisikilize gitaa kabisa. Najua ni vigumu kwa mpiga solo, jilazimishe. Wimbo huu haukai sehemu moja. Unaingia kwa mwendo wa farasi, unashuka mahali pazito pa polepole, unapanda tena. Cozy anavuka kila mlango kwa pigo moja la nguvu, kama kusema "tumefika". Phillips anaanza kuuandaa mlango kabla ya kuufikia, vipigo vinaongezeka kidogo kidogo, na unapovuka hujui ulivuka saa ngapi. Baada ya hapo rudisha masikio kwenye gitaa. Utagundua kwamba Schenker wa 2010 anashikilia noti kwa muda mrefu kuliko wa 1981. Anaweza, kwa sababu nafasi iliyo chini ya noti ile haiko tupu, kuna mtu anaijaza. Kwa sikio langu hiki ndicho kinachokuvuta kuliko vyote. Si kwamba vidole vimekuwa vyepesi zaidi; vidole vya miaka 55 haviwezi kuwa vyepesi kuliko vya 26. Ila anajua nini kinatokea nyuma yake, na anasubiri.

Nimesema "kuliko vyote" kwa sababu kuna jambo la pili, nalo ni la kifundi zaidi. Gitaa la Schenker lina sauti fulani ya puani, kama mtu anayetaka kusema neno. Hiyo inatoka kwenye pedali ya wah. Wengi hukanyaga pedali hiyo mbele na nyuma ili gitaa lilie "wa-wa". Schenker huikanyaga mpaka mahali fulani katikati, kisha anaiacha pale pale. Pedali ikisimama hivyo inakuwa kama kichujio: inanyanyua kipande kimoja cha sauti, mahali fulani kati ya hezi 400 na 2,000, na kukandamiza vilivyo juu na chini yake. Eneo hilo ndilo sikio la binadamu limezoea kulitega, kwa sababu maneno tunayosemezana yanapita humo humo. Gitaa likikaa pale linakuwa mwimbaji wa pili. Na kama mwimbaji wa kwanza hana nguvu usiku huo, basi linakuwa mwimbaji wa kwanza. Mengine ya vifaa vyake si siri: gitaa lenye umbo la V, zamani Gibson, kufikia 2010 Dean, nusu jeusi nusu jeupe, na amplifaya ya Marshall. Ukinunua vyote hivyo bila kujua pa kuisimamisha pedali, utakuwa umenunua rangi.

Tuje kwa mwimbaji, maana umemtaja kwa upole kuliko nilivyotegemea. Gary Barden ndiye sauti ya albamu ya 1980, ya Budokan, na ya Nakano. Sitakudanganya. Hakuwahi kuwa mwimbaji wa kutikisa paa, hata Budokan kuna mahali anaufukuzia wimbo kwa nyuma, na 2010 noti za juu anazigusa na kuziacha. Kuna mashabiki wanaomchukia kwa hilo. Mimi simchukii. Nyimbo hizi alizitunga yeye na Schenker, maneno ni yake, na anayaimba kama mtu anayeyakumbuka. Lakini kuna tatizo ambalo fundi mitambo yeyote wa bendi analijua. Maikrofoni ya mwimbaji inatazama nyuma ya jukwaa, yaani inatazama drams. Mwimbaji mwenye sauti ndogo ukimnyanyua kwenye miksa, unanyanyua na matasa yote yaliyo nyuma yake, na wimbo mzima unaanza kumwaga mchanga. Kwa hiyo mwenye kuchanganya sauti huwa na njia mbili: amwache mwimbaji nyuma kidogo, au achafue kila kitu. Unaposikia rekodi ya jukwaani ambayo mwimbaji "amezama", usikimbilie kusema fundi ni mbovu. Mara nyingi alichagua ubaya mdogo.

Wengine wawili wa jukwaani niwapitie haraka. Besi ni Neil Murray, mzee wa bendi ya Whitesnake aliyepita pia kwenye bendi ya Black Sabbath, ambaye kazi yake usiku ule ni kukaa katikati ya Phillips na Schenker bila kujionyesha. Anaifanya. Gitaa la pili na kinanda ni Wayne Findlay, peke yake kwa vyote viwili, kama alivyofanya Paul Raymond kule Budokan. Barden, Phillips na Murray walikuwa tayari wamekutana na Schenker studio kwa albamu ya 2008, kwa hiyo hawakuokotana uwanja wa ndege. Hili nalo linatenganisha maadhimisho ya kweli na yale ya kutafuna jina: watu waliofanya kazi mpya pamoja kabla ya kurudi kwenye ya zamani.

Sasa "Rock Bottom", wimbo ambao kwenye santuri ya Budokan haumo. Ulianzia kwenye albamu ya UFO ya 1974, dakika sita na nusu hivi. Ukifika kwenye rekodi ya jukwaani ya UFO iliyotoka Januari 1979, iliyorekodiwa Marekani mwishoni mwa 1978, umevuka dakika 11, na nyongeza karibu yote ni gitaa. Mwimbaji anatoka, bendi inakaza mwendo mmoja, na solo inaanza safari. Wewe uliyekulia kwenye muziki wa kwetu hili huhitaji kufundishwa, ni sebene. Mashairi yamekwisha kufanya kazi yake, sasa ni zamu ya nyuzi, na anayeharibu ni yule anayekuwa na haraka. Ila kuna tofauti moja ya kuangalia. Kwenye sebene magitaa mawili au matatu yanasokotana, na mpiga solo anazunguka kwenye kijisehemu kifupi akikibadilisha kidogo kidogo. Schenker yuko peke yake, na hazunguki. Anasimulia. Kuna mwanzo wa noti chache zenye nafasi, kuna mahali anapanda, kuna mahali anarudi chini na kupumua, halafu mwisho unaingia wote kwa pamoja.

Linganisha ya 1978 na ya Nakano. Ile ya UFO ina drams za Andy Parker, mtu wa kukaza kamba na kuishikilia, na Schenker ana miaka 23 na anacheza kama anayetaka kuthibitisha jambo. Inasemekana na wengi kuwa solo bora ya roki iliyowahi kurekodiwa jukwaani, na sina ugomvi nao, ingawa Schenker mwenyewe hakuridhika na baadhi ya vilivyochaguliwa kuingia kwenye albamu ile. Kabla haijatoka alikwisha ondoka kwenye bendi. Ya 2010 haina moto huo. Ina mazungumzo. Sikiliza katikati ya safari: gitaa linatupa kifungu, Phillips anakijibu kwa ngoma za mguu, na kifungu kinachofuata kimebadilika kwa sababu ya jibu lile. Kwa Parker, Schenker alikuwa anasimulia na bendi inasikiliza. Kwa Phillips kuna mtu anayemkatiza, kwa adabu. Ukiniuliza ipi naipenda zaidi nitasema ya 1978. Ukiniuliza ipi inamfundisha kijana zaidi, nitasema ya Nakano, kwa sababu moto huwezi kuiga, lakini kusikilizana unaweza kukufanyia mazoezi Alhamisi jioni kanisani.

Kwa nini Japani? Jibu la kwanza ni biashara. Kampuni za Japani zilipenda kuagiza rekodi za jukwaani kwa ajili ya soko lao la ndani, na bendi za nje zilikubali kwa sababu gharama haikuwa juu yao. Deep Purple walirekodiwa Osaka na Tokyo Agosti 1972, albamu ikakusudiwa Wajapani tu, ikaishia kuuzwa dunia nzima. Roger Glover alikuwemo, akipiga besi. Bendi ya Cheap Trick walirekodiwa Budokan tarehe 28 na 30 Aprili 1978, nao vivyo hivyo, ikaanza kama ya Japani peke yake. Baada ya mafanikio hayo kila bendi ilitaka jina la Tokyo kwenye kava lake.

Jibu la pili ni hadhira. Kwenye kumbi zile watu walikuwa na viti, na walikuwa na tabia ya kunyamaza wimbo ukiendelea kisha kulipuka ukiisha. Kwa mwenye kurekodi hiyo ni neema. Unaweka maikrofoni za kunasa watu na ukumbi, na wimbo ukiwa katikati unachopata ni mwangwi wa ukumbi wenyewe, si mluzi wa mlevi wa safu ya tatu. Nimewahi kurekodi bendi kwenye ukumbi wa harusi, najua ninachokisema.

Jibu la tatu ni majengo, na hapa rekodi zako mbili zinaachana tena. Budokan ilijengwa kwa ajili ya judo ya Olimpiki ya 1964. Ni kubwa, watu zaidi ya 10,000 wanaingia, dari liko mbali na sauti inazunguka kabla ya kufa. Mwangwi ule ni sehemu ya ukubwa wa Cozy unaousikia. Nakano Sun Plaza ulifunguliwa 1973, ulikuwa na viti 2,200 hivi, na ulifungwa Julai 2023. Ulikuwa ukumbi wa karibu, mkavu, vipigo vidogo vya Phillips vinasikika. Ungempeleka Phillips Budokan, nusu ya kazi yake ingepotelea darini.

Na ukumbi ule una historia ya nyumbani kwa Schenker. Tarehe 24 na 27 Aprili 1978, wiki ile ile ya Cheap Trick, Scorpions walirekodi Nakano Sun Plaza albamu yao maarufu ya jukwaani. Kaka yake Rudolf alikuwa anapiga gitaa la pili. La solo alipiga Uli Jon Roth, aliyechukua nafasi ya Michael mwaka 1973 UFO walipomchukua. Ilikuwa kazi ya mwisho ya Uli na bendi ile. Mwaka 2015 Uli naye akarudi kwenye jukwaa lile lile kuzirekodi upya nyimbo zile, na hiyo nayo ni albamu ya maadhimisho ya kutafuta ukimaliza hii.

Hukuuliza kama rekodi ya Nakano ni ya jukwaani kweli au imetiwa viraka studio, lakini rafiki yako atauliza. Ni ya usiku mmoja, na ipo picha. Ile ya UFO ya 1978 ilitengenezwa kwa kuchagua kutoka Chicago na Louisville. Mwenye usiku mmoja hana pa kuchagua. Na picha inambana kila mtu, kwa sababu mkono ukionekana uko kwenye uzi mmoja na sauti ikatoka kwenye mwingine, wapiga gitaa wa dunia nzima watagundua kabla ya chakula cha mchana. Marekebisho madogo hufanyika kila mahali. Lakini solo ya dakika kadhaa mbele ya kamera si kitu cha kutia viraka.

Nyingine ya kukutajia ni ya Agosti 2016, Tokyo International Forum, alipowakusanya waimbaji wake watatu wa zamani jukwaa moja: Barden, Graham Bonnet na Robin McAuley. Bonnet huyu ndiye aliyefukuzwa 1982 baada ya onyesho moja tu huko Sheffield, kwa vituko vya jukwaani ambavyo humu sitavieleza, wewe ni mtu wa kwaya. Ile ni sherehe, na ni ya kufurahisha kweli. Waimbaji wanapokezana, watu wanaimba nao, Schenker anatabasamu. Kama ungekuwa unataka furaha ningekuambia uanze na hiyo. Kwa gitaa na drams, Nakano.

Neno moja la tahadhari kabla sijakuachia. Schenker amesema mara nyingi kwamba tangu ujana aliacha kusikiliza muziki wa wengine ili asiige. Vijana wakisikia hivyo hupenda kumfuata. Usimfuate. Kabla ya kuacha alikuwa amekwisha kusikiliza vya kutosha, na wewe ndiyo kwanza unaanza.

Ukishaipata, usiisikilizie kwenye simu. Tafuta spika inayotoa besi, ya kanisani itafaa kama mchungaji ataridhia. Anza na "Lost Horizons", kwa sababu ni wa polepole na masikio yatapata muda wa kutenganisha vyombo, kisha "Into the Arena" mara mbili, Budokan na Nakano, halafu "Rock Bottom". Noti za "Rock Bottom" usizitafute bado. Mwite mpiga drams wenu, akariri kwanza kifungu kimoja cha Phillips pale solo inapoanzia, hata kama ni sekunde 30, mkipige nyinyi wawili tu bila kinanda wala besi, wewe ukiwa na noti tatu zisizozidi. Pedali ya wah ukipata ya kuazima, ikanyage taratibu kutoka nyuma huku unapiga noti moja mfululizo. Kuna mahali gitaa litaacha kuvuma na kuanza kusema. Toa mguu hapo hapo, na uweke alama ya chaki ubavuni mwa pedali, maana ukiigusa tu utapapoteza.